Wenye kelele niliwalipa kwanza

Niko na karatasi hapa mezani, upande mmoja ni harusi na upande mwingine ni madeni. Ni kadi iliyoharibika kwa mashini, rangi ya dhahabu ilishika vibaya jina la bibi harusi likatoka mara mbili, na kwa kazi yetu ya printi karatasi iliyoharibika haitupwi, inakatwa inakuwa ya kupigia hesabu. Nyuma yake ndio niliandika madeni yangu yote kwa mara ya kwanza, mwezi wa tatu 2023, saa tano usiku, kwa tochi ya simu juu tokeni za stima zilikuwa zimeisha na sikuwa na nguvu ya kukopa zingine.

Iko hivi, nanakili venye ilivyo: Apu nne 26,300. Nyumba miezi miwili 24,000. Dada 15,000. Chama 12,000. Karo 9,500. Mama Kevo 1,840. Jamaa wa kazini 800. Jumla 89,440. Nikajumlisha tena nikidhani nimekosea, ikatoka hiyo hiyo.

Ungeniuliza hiyo asubuhi niko na deni ya pesa ngapi ningekuambia ka elfu thelathini hivi, na singekuwa nadanganya, sikuwa najua. Na sikuwa najua juu sikutaka kujua, kila deni ilikuwa inakaa pekee yake kwa kichwa ka wageni ambao hutaki wakutane.

Wacha nirudi nyuma kidogo. Mi nafanya kazi ya printi mtaa wa River Road, kadi, banna, risiti za maduka, programu za mazishi. Uchaguzi wa Agosti 2022 ulitukuta tukifanya kazi usiku na mchana, posta za wagombea zikitoka ka chapati, ovataimu ikaingia, nikachukua wani bedirumu hapa Zimmerman ya 12,000 badala ya ile singo tulikuwa tunabanana na mke na mtoto. Nilidhani maisha yamefunguka. Tarehe 9 ikapita, matokeo yakatangazwa, na hapo ndio nilijifunza kitu kuhusu wanasiasa: aliyeshindwa halipi posta na aliyeshinda hashiki simu. Bosi akabaki na madeni ya watu wenye magari makubwa, akatuita akatuambia mshahara utakuwa nusu mpaka mambo yakae sawa. Kutoka 34,000 nikashuka 20,000, ya mkononi, hakuna payslipi. Si nusu kabisa lakini ukitoa kodi na nauli utaona kinachobaki ni chini ya nusu.

Sasa angalia hiyo kitu vizuri juu mi nimeifikiria sana. Mheshimiwa ako na deni ya bosi, hakuna mtu amempigia mama mkwe wake. Kaunti yetu hii ya Nairobi ina bili za mabilioni za watu waliouza vitu na kufanya kazi miaka imepita, zinatajwa kila ripoti ikitoka, na huskii mtu akiona aibu kutembea City Hall. Aibu ya deni inaanza ikishafika chini. Ukiwa na deni ya mamilioni unaitwa mteja, ukiwa na deni ya elfu tatu unaitwa mwizi.

Basi nikaanza na vitu vidogo. Okoa Jahazi, ile ya kukopa kredo ya simu. Fuliza, ile ya kukopa ndani ya M-Pesa, ambayo nimetumia tangu ianze 2019 lakini zamani ilikuwa ya kumalizia mia mbili hapa na pale, sasa ikawa ndio mfuko wangu. Kwa Kiswahili cha kamusi kufuliza ni kufanya kitu mfululizo bila kuachilia, aliyechagua hilo jina alikuwa mtu mkweli. Pesa ikiingia kwa M-Pesa inakatwa kwanza yenye ulichukua, kwa hivyo unalipwa saa nne na saa nne na dakika moja uko pale ulikuwa, unachukua tena.

Alafu nikaingia kwa zile apu zingine za mikopo, zile hujui ofisi iko wapi. Moja nilikuwa nayo kwa simu tangu 2021, nilipoiweka iliniuliza kama inaweza kuona majina ya watu wangu, nikabonyeza ndio bila hata kusoma, nani husoma. Nikaomba 5,000. Ikaingia 3,900. Nirudishe 5,000 baada ya siku saba. Nilijua hiyo hesabu ni mbaya, mi si mjinga, mi hupigia wateja hesabu za karatasi siku nzima, lakini mtoto alikuwa amerudishwa nyumbani na barua ya karo na ukiwa hapo huangalii siku ya saba, unaangalia kesho asubuhi. Siku ya saba nikachukua kwa apu ya pili nikalipa ya kwanza. Ya pili nikailipa na ya tatu. Nikiangalia mesej za M-Pesa za Oktoba mpaka Februari nilikuwa nimelipa hizi apu zaidi ya 31,000, na bado walikuwa wananidai 26,300.

Nikipita haraka hapo kwa nyumba: nilikuwa nimejifunza kurudi saa nne usiku. Nashukia Roysambu natembea mpaka Zimmerman, moja juu ya kusave nauli, mbili juu keateka hufunga geti yake ndogo saa tatu na nusu akaenda kulala. Tunazima taa ya mbele, tivii bila sauti, mtoto akicheka namwambia shhh. Siku nilienda mwenyewe kuongea na landilodi mwezi wa tatu nikimwambia naeza kuongeza 3,000 kila mwezi mpaka deni iishe, aliniangalia akasema sawa, alafu akaniuliza, "Lakini mbona mlikuwa mnakaa giza? Mi niko ile nyumba ya mkabala, nilikuwa nawaona tu."

Januari 2023 ndio ile siku. Jumapili, tumetoka kanisa, mke wangu, Mama Imani, anachemsha githeri ya jana. Simu yake ikalia, ni mamake, yuko Kangundo. Mama mkwe wangu ni mtu hapigi simu ovyo, anapiga akiwa na neno. Mke wangu akashika, akasalimia, akanyamaza. Akazima jiko. Akaendelea kunyamaza. Alafu nikaskia akisema, "Hapana mama, si polisi." Mimi nikajua. Nilijua kabla hajaniangalia, ile baridi inaanzia kwa masikio inashuka.

Mtu alikuwa amempigia mama mkwe, mzee wa miaka sitini na kitu, akamuuliza kama anajua mkwe wake ni mwizi, ati anatafutwa, ati amwambie alipe kabla ya saa kumi la sivyo wanakuja na watu. Mama mkwe akadhani nimeiba kazini. Na mke wangu hakuwa anajua hata kama kuna apu.

Akaniuliza swali moja tu. "Ni ngapi?"

Nikasema elfu tatu.

Hiyo ndio sehemu siipendi kuandika. Nimeshikwa mkono ndani ya mfuko na bado nadanganya. Nikatoka nje ka mtu anaenda dukani, nikapigia dada yangu mkubwa nikiwa nyuma ya tangi la maji, nikamwambia kuna shida kidogo, nahitaji 15,000, hakuniuliza ya nini. Alituma kabla sijafika mlangoni. Sistangu ni mwalimu wa nasari, nataka mwelewe hiyo 15,000 ilikuwa nini kwake. Nikaichukua yote nikalipa hao wa kupiga simu, hata ile ya siku zake zilikuwa bado. Wakanitumia mesej ya pongezi ati sasa naeza kuchukua zaidi. Na ndani ya wiki mbili nilikuwa nimechukua.

Dada alingoja miezi kumi na moja. Hakuniuliza hata siku moja. Tulikuwa tunaongea kila Jumatano na kila Jumatano hakuuliza, na mi nikaanza kukosa kushika simu zake, juu kule kutouliza kulikuwa kunaniuma kuliko matusi ya wale wengine.

Hapo ndio nataka kufika. Ukiangalia hiyo karatasi yangu na ukiangalia nani nilikuwa nimelipa, utaona nilikuwa nalipa kulingana na nani anaeza kunipaka matope. Apu zilikuwa mbele. Chama, kile kikundi chetu cha kuchanga pesa, ikafuata juu wako na grupu ya WhatsApp na katibu ana mdomo. Landilodi akafuata. Dada, jamaa wa kazini aliyenipa 800 ya dawa ya mtoto, na Mama Kevo wa mboga, hao hawakuwa na kelele, kwa hivyo hawakupata kitu. Pesa yote ilikuwa inaenda kununua kimya cha watu wabaya, na wazuri nikawalipa kwa kuwakwepa. Watu husema dawa ya deni ni kulipa, asante sana, na dawa ya njaa ni kula, lakini hakuna mtu hukuambia uanze na nani.

Nikapata kujua baadaye, na inaniudhi mpaka leo, kwamba ile simu ya mama mkwe haikufaa kupigwa kabisa. Sheria ya kuweka hizi apu chini ya Benki Kuu ilitiwa saini Desemba 2021, kanuni zikatoka Machi 2022, na zinasema wazi mkopeshaji haruhusiwi kuchukua majina kwa simu yako aanze kuwapigia watu wako, wala kutisha, wala kutukana. Yaani miezi kumi kabla ya hiyo Jumapili. Na kuna ofisi ya Kamishna wa Data, unajaza malalamiko kwa mtandao bila kulipa, wako na siku 90 za kuyamaliza. Nilijaza, nikaweka skrinishoti na nambari zote. Sijui kama ni hiyo ama ni vile nilikuwa nimemaliza kuwalipa lakini simu ziliisha. Ningekuwa najua Januari ningemwambia yule jamaa hiyo sheria ni namba ngapi alafu nikate simu. Ama pengine nisingesema, juu mtu mwenye aibu hana sheria, anataka tu wanyamaze.

CRB nayo niliiogopa ka selo. Ukiskia mtaani ni ka kuna mtu amekaa huko na rungu. Kumbe ni kampuni za kuweka rekodi za mikopo, ziko tatu zenye leseni, na zinaweka hata wale wanaolipa vizuri. Tangu 2020 deni ya chini ya 1,000 haifai kupelekwa huko, na mara moja kwa mwaka unaeza kuitisha ripoti yako bila kulipa. Niliitisha nikiwa nimefunga jicho moja. Kulikuwa na deni mbili, zingine hata hazikuwa huko licha ya kutishwa nazo kila siku. Kile hakifurahishi ni ukichelewesha mpaka uandikwe, hata ukilipa ile historia inabaki miaka mitano, na ukiomba kazi ya serikali unaeza kuitishwa cheti cha huko. Mwisho wa 2022 Benki Kuu ilikuwa imetoa mpango wa kuwapunguzia watu nusu ya mikopo midogo ya simu iliyokwama, nikafurahi ka masaa mawili hivi mpaka nikaelewa ni ya mabenki, na mimi zangu hazikuwa za benki.

Hiyo usiku ya karatasi nilimwamsha Mama Imani. Sikuwa na hotuba, nilimpea tu ile kadi na tochi. Alisoma upande wa harusi kwanza akadhani tumealikwa. Akageuza. Alisoma muda mrefu sana kwa karatasi yenye mistari saba. Hakulia, hakunipigia kelele, ningependa hata angepiga. Aliomba kalamu. Akaweka namba kando ya kila jina, mpangilio wake, na Mama Kevo akapewa namba moja.

Nikamwambia huyo ni 1,840 tu, anaeza kungoja, hana shida. Akasema, "Huyo ndiye ametulisha tangu Oktoba. Wewe unajuaje hana shida, umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Sikuwa nimepita kwa kibanda chake ka wiki sita. Nilikuwa nazunguka na ile njia ya nyuma ya shule, na kibaya zaidi, na hii nilikuwa sijaambia mtu, nikiwa na pesa taslimu nilikuwa nanunua mboga kwa mama mwingine upande wa steji. Ukiwa na deni ya mtu huendi kwake na pesa, unaogopa atafikiria unafaa kulipa, unampelekea mwenzake ambaye hujawahi kumkosea. Kwa hivyo Mama Kevo alikosa deni yake na akakosa mteja pia, yote kwa mpigo mmoja.

Kwa printi tunafanya kazi za harusi na za matanga kwa meza moja, unamaliza "mnakaribishwa" unaanza "kwa huzuni kuu". Kila nikifanya hivyo siku hizo nilikuwa nakumbuka bibi yangu akisema kukopa harusi, kulipa matanga. Alikuwa anasema akicheka. Nilifanya kazi za Jumapili wiki nne kwa duka ya jirani, kukata kadi na kubandika riboni, nikapata ile pesa ya kwanza.

Mwezi wa nne katikati nikaenda. Jioni, saa moja hivi, wateja wamejaa, nikasimama kando nikingoja wapungue ka mtu anakuja kuposa. Mama Kevo akaniona. "Baba Imani! Nilidhani mmehama." Hakuna kitu kingine kwa sauti yake, nilitafuta nikakosa. Nikampea 1,840 mkononi, noti, sikutaka kutuma kwa simu. Akajipanguza mikono kwa leso, akavuta kitabu chini ya debe ya nyanya, ile kauntabuku ya jalada nyekundu imechakaa pembe mpaka imekuwa duara.

Nikainama kuangalia jina langu. Halikuwa hapo. Kulikuwa na Mama Shiru, kulikuwa na Fundi wa viatu, Odhis, Mama Mapacha, kila mtu na sukuma zake na hesabu zake, na hapo katikati kukaandikwa "Gorofa 3", 60, 110, 45, 200, mpaka chini 1,840. Nikamuuliza mbona hakuandika jina.

Akasema, "Watu husoma hii kitabu wakingojea chenji."

Alafu akaendelea kutafuta kalamu ka hajasema kitu. Akapiga mstari kwa "Gorofa 3", mstari mmoja tu wa kulala, akahesabu noti mara mbili, akanikatia sukuma akaongeza dania juu. Nikalipa hiyo pia. Nilikuwa naanza kuondoka wakati aliniita tena, akavuta kreti akanionyesha nikae.

"Wewe kazi yako si ni ya maandishi. Hebu nisomee hii."

Akanipa simu, ile ndogo kioo kimepasuka pembeni. Mesej ilikuwa ya Kiingereza kirefu na herufi kubwa. Mpendwa mteja, mkopo wako wa shilingi 3,450 umepita siku yake. Nambari ya kulipia. Maonyo. Nikamuuliza alichukua lini.

"Mwezi wa pili. Nilichukua elfu mbili ya kuongezea nyanya. Kitabu ilikuwa imejaa, na Marikiti hakuna kitabu, huko ni pesa mkononi."

Nikaangalia tarehe. Nikaangalia ile kauntabuku imefungwa hapo juu ya debe. Mteja akaja, akauziwa kitunguu cha kumi, akaenda. Mama Kevo akangoja afike mbali, akasogeza kreti yake karibu na yangu, akaangalia huku na huku alafu akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Hawa ni wale hupigia watu wako?"